Kibao cha Kilomita 212

Maiti ya kwanza ilikuwa ya mkata tiketi. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya kokoto, kofia imemkaa sawasawa kichwani utadhani ameivaa sasa hivi, na mkono wa kulia bado umeshika ile koleo ndogo ya kutobolea tiketi. Wengine watatu walikuwa chini ya tuta, wamefunikwa shuka za behewa la kulala. Shuka moja ilifunika kitu kifupi, na Sajenti alikuwa amekipa kisogo kwa makusudi.

"Saa ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Saa moja na robo asubuhi, Afande. Waliokufa wanne. Majeruhi thelathini na wanane, wote wameshapelekwa hospitali."

Inspekta alishuka tuta polepole, goti lake bovu likilalamika kila hatua. Kituoni walimwita Taratibu, na hawakuwa wakimsifu. Kesi aliyopewa leo, wenzake walisema, itaiva mwakani. Sajenti alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mdomo mwepesi na mwandiko mzuri, naye ndiye peke yake aliyekubali kufanya kazi naye mwaka wa tatu sasa.

Kichwa cha treni kilikuwa kimelala ubavu kwenye kona. Mabehewa matatu yameacha reli, la nne linaning'inia. Mizigo ilikuwa imetapakaa kote: mabegi, magodoro, sufuria mpya bado ina karatasi ya dukani. Mtu alikuwa ameinunua jana akiwaza atakachopika.

Mhandisi wa njia alikuja na viatu vinavyong'aa, akikanyaga kokoto kama anayekanyaga mayai.

"Hapa hakuna cha kupeleleza, Inspekta. Ni mwendo tu. Kinasa mwendo cha treni kimesoma kilomita sabini kwa saa. Kwenye kona hii mwisho ni ishirini."

"Kwa nini ishirini?"

"Mataruma." Akaonyesha kwa kidole zile mbao nene zinazobeba reli. Nyingine zilikuwa zimepasuka, nyingine zimeoza hadi zimekuwa kama keki iliyomwagikiwa chai. "Yamechoka. Kwa hiyo tumeweka kibao cha kupunguza mwendo. Kwa muda tu."

"Tangu lini?"

Mhandisi akakohoa. "Miaka miwili."

"Huo ndio muda?"

"Mataruma mapya hayajafika."

"Na kibao kiko wapi?"

"Kipo. Kilomita ya 212. Karatasi yake ninayo ofisini."

Inspekta alitaka kumwambia kwamba hakuulizia karatasi, lakini simu yake ikalia. Alikuwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na sauti yake ilisikika hadi kwa Sajenti.

"Taratibu! Wakubwa wananipigia kila baada ya dakika tano. Dereva yuko hai?"

"Yuko hospitali, Afande."

"Ametiwa pingu?"

"Ametiwa."

"Vizuri. Kosa ni kuua kwa uzembe. Faili nalitaka mezani kesho saa kumi alasiri, limesainiwa. Na safari hii usiniletee huo utaratibu wako."

Simu ikakatwa. Inspekta akabaki ameishika, na tumbo likamkata.

Tumbo hilo lina historia yake. Miaka sita nyuma aliwahi kuharakishwa hivyo hivyo, akasaini. Fundi bomba mmoja akakaa mahabusu miezi kumi na minne kwa wizi ambao hakuufanya, na alipotoka akakuta mama yake ameshazikwa. Hakuna aliyemlaumu Inspekta. Karatasi zilikuwa sawa. Lakini tangu siku hiyo, kila akikaribia kusaini faili, tumbo humkata kama aliyekula kiporo kilichochacha.

* * *

Dereva wa treni alikuwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Kichwa kimefungwa bandeji. Mkono wa kushoto una plasta, wa kulia una pingu iliyokazwa kwenye chuma cha kitanda. Kwa kuwa hakuwa na mkono wowote wa kutumia, mkewe alikuwa akimnywesha maji kwa kijiko.

"Uliona kibao?" Inspekta alianza.

"Hakukuwa na kibao, Afande."

"Mhandisi anasema kipo."

"Mhandisi amewahi kupita pale?" mkewe akadakia.

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Kuuliza nako ni kosa?"

Inspekta akamwachia. Lilikuwa swali zuri kuliko lake.

"Kabla ya safari ulipewa karatasi ya tahadhari?"

"Nilipewa. Imeandikwa kilomita 212, mwendo ishirini." Dereva alizungumza huku amefumba macho. "Lakini 212 ni wapi? Vigingi vya kilomita vimeng'olewa vyote kuanzia 190, vimeuzwa chuma chakavu. Ningehesabu kwa vidole? Nikasema nitakiona kibao, nitafunga breki. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Mkata tiketi aliniletea chai, akanitania kwamba nachungulia nje kama mtu aliyepoteza pochi. Halafu ikaja kona. Halafu..."

Mkewe akafuta maji kwenye kidevu chake.

"Njia hii unaijua?"

"Ndiyo mara yangu ya kwanza. Miaka kumi na tisa niko njia ya bandarini. Dereva wa huku amekwenda likizo, nikaletwa kumshikia nafasi."

"Miaka kumi na tisa umeshapata ajali ngapi?"

"Nimegonga ng'ombe mmoja. Na nililia." Akafumbua macho. "Yule mkata tiketi yuko wodi gani? Nataka kumwomba radhi, chai yote ilimmwagikia."

Inspekta alitazama sakafu. Sajenti akajifanya anatafuta ukurasa. Dereva akawaangalia wote wawili, kisha akageuza uso ukutani, na pingu ikagonga chuma mara tatu nne.

Mkewe akawafuata hadi mlangoni.

"Atafungwa?"

"Sijui, mama."

"Hujui, au huwezi kusema?"

"Sijui. Nina hadi kesho saa kumi."

"Basi baba, fanya hima," alisema yule mama. "Mimi nitakaa hapahapa kwenye benchi."

* * *

Asubuhi iliyofuata, saa moja, walikuwa tena kwenye kona. Winchi ilikuwa imeshaondoa mabehewa. Na chini ya reli, tazama maajabu, mataruma mapya yamepangwa safi, yananuka dawa ya mbao. Kilichokosekana miaka miwili kilikuwa kimepatikana kwa usiku mmoja. Hapo ndipo mtu anaposhindwa acheke au alie.

"Saa kumi treni ya kwanza inapita," mhandisi alisema kwa fahari.

"Saa kumi," alirudia Inspekta. Kila kitu siku hiyo kilikuwa kinangoja saa kumi.

Walianza kutembea kurudi nyuma, upande treni ilikotokea. Sajenti alihesabu hatua kwa sauti. Kulia vichaka, kushoto vichaka. Hakuna kibao. Walipofika hatua ya mia nne, Inspekta akasimama.

"Majani haya yana nini?"

Pembeni mwa njia palikuwa na kiraka cha nyasi upana wa sinia, nyasi zimekauka ilhali zote za jirani ni mbichi. Sajenti akachuchumaa, akachomeka kalamu. Ikazama yote.

"Ni shimo, Afande. Limefukiwa, halafu mtu akapanda nyasi juu."

"Amelifukia vizuri?"

"Ameshindilia kabisa. Huyu anapenda usafi."

Wakageuka. Wakapita kona tena, wakaendelea mbele, upande ambako treni ilikuwa ikielekea. Jua lilikuwa limeanza kuuma na goti la Inspekta lilikuwa limevimba, lakini hakupumzika. Alikuwa akitazama saa kila baada ya dakika mbili, na Sajenti, aliyezoea kumhimiza, alishangaa kuona sasa yeye ndiye anayeachwa.

Hatua mia sita baada ya kona wakakiona. Kibao cha njano, namba 20 nyeusi, kimesimama wima kando ya reli. Mahali penyewe palikuwa na njia ya miguu inayokata reli: upande huu nyumba za watu, upande ule shule ya msingi yenye uzio wa michongoma.

"Kwa hiyo kipo," alisema Sajenti taratibu. "Ila treni ilianguka kabla ya kukifikia."

"Dereva hakudanganya."

Inspekta akapiga magoti, goti bovu likatoa mlio. Chini ya nguzo ya kibao palikuwa pameshindiliwa mawe manane ya ukubwa wa mkate. Kila jiwe lilikuwa na chokaa upande mmoja.

"Msigusa-guse hapo!" sauti ikaita.

Alikuwa nyapara wa njia, mzee mkavu mwenye spana ndefu begani na nyundo mkononi. Ndiye aliyesimamia vibarua wa reli kipande hiki, na kila asubuhi alikitembea chote kwa miguu akigonga nati. Alipoona sare za polisi, nyundo ikateremka.

"Nyapara, kibao hiki ni cha nani?"

"Cha reli, Afande."

"Kimefuata nini huku?"

Nyapara akahamishia spana bega la pili. "Labda wezi wa vyuma."

"Wezi wa vyuma wameng'oa, wakaja kupanda tena mbele?" Sajenti aliuliza. "Hao wezi au wakulima?"

"Sijui, mwanangu."

"Unatembea hapa kila siku?" Inspekta aliuliza.

"Kila siku ya Mungu. Mwaka wa ishirini na sita."

"Nati ikilegea unaiona?"

"Naiona."

"Kibao kikubwa kama mlango wa banda kimehama kilomita nzima, hukukiona?"

Nyapara akaificha nyundo nyuma.

Inspekta akapiga simu. Dereva wa zamani wa njia hii alipokea akiwa likizo, kuku wakilia nyuma yake. Inspekta akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Pale kwenye kona ulikuwa unapunguza mwendo?"

"Kila safari. Pale hata nikilala mkono unapunguza wenyewe."

"Kibao unakiona?"

"Kusema kweli, siku hizi sikitazami. Nimezoea. Ila kuna kipya, pale shuleni. Kina kama wiki tatu. Nilidhani wameongeza, nikawa napunguza kotekote. Kwani vipi, Afande? Ajali imetokea wapi hasa?"

Inspekta alimwambia. Upande wa pili kuku waliendelea kulia.

Basi hiyo ndiyo habari yenyewe. Kwa wiki tatu kibao kilikuwa mahali pasipo pake, na hakuna kilichoharibika kwa sababu dereva mmoja aliendesha kwa mazoea. Likizo yake ikafika. Akaja mgeni, mtu mwangalifu, aliyekitafuta kibao kama alivyofundishwa.

Inspekta akaweka simu mfukoni, akamgeukia nyapara.

"Nani alikihamisha?"

"Mimi."

Alilitamka haraka mno, kama mtu anayelipa nauli kabla ya kuombwa.

"Wewe?"

"Mimi, Afande. Andika. Nilikosea mahali. Nifunge."

Sajenti alikuwa ameshafungua pingu. Saa ilikuwa tano na nusu. Faili lingekamilika na muda ungebaki. Tumbo la Inspekta likamkata.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nyapara, nifundishe kazi yako. Ubovu ukiwa hapa niliposimama, kibao unakisimika wapi?"

"Hatua mia nne nyuma. Treni haisimami kama baiskeli, inataka nafasi. Hata kibarua wa siku ya kwanza analijua hilo."

"Lile shimo kule nyuma liko hatua mia nne kabla ya kona. Hilo ulilichimba wewe?"

"Nililichimba mimi, miaka miwili iliyopita."

"Nakuamini. Sasa hiki mbona kiko hatua mbili tu kutoka njia ya miguu, kama mlinzi mlangoni?"

Nyapara alikitazama kibao, kisha ile njia ya miguu.

"Aliyekisimika hapa hajui kazi ya reli," Inspekta aliendelea. "Ni mtu anayeamini kwamba kibao chenyewe ndicho kinachoizuia treni. Kwa hiyo akakiweka palepale anapotaka ipungue. Unamficha nani, mzee wangu?"

Macho hayana adabu. Ya mzee yalikimbilia ng'ambo ya uzio wa michongoma, kisha yakarudi chini. Inspekta akayafuata.

* * *

Kutoka lango la shule hadi ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na njia iliyopangwa mawe kandokando, yote yamepakwa chokaa. Sajenti alihesabu akitembea. Karibu na lango, mawe manane hayakuwepo. Mahali pake pamewekwa matofali, nayo yamepakwa chokaa ili safu isikatike.

"Anapenda usafi," alinong'ona.

Chini ya kibanda cha jiko alisimama mwanamke wa makamo, mfupi, mabega mapana, kitambaa chekundu kimefungwa kiunoni. Alikuwa mhudumu wa shule: anafagia, anapiga kengele, na asubuhi na alasiri anawavusha watoto reli. Watoto walimwita Mama Vuka, kwa sababu ndilo neno lake: "Vuka! Vuka! Vuka!"

Alipowaona hakukimbia. Aliegemeza ufagio ukutani, akauweka sawa ulipotaka kuteleza, akafuta mikono.

"Nimewangoja tangu jana," alisema. "Karibuni. Mabenchi ni ya watoto, yatawasumbua magoti."

"Dada, usiseme kitu!" Nyapara alikuwa amewafuata mbio, pumzi juu. "Nimeshawaambia ni mimi!"

"Kaa chini, mdogo wangu."

"Dada—"

"Nimesema kaa."

Mzee wa miaka zaidi ya hamsini akakaa kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yakimfika kidevuni.

"Mama," Inspekta alisema, "kile kibao ulikihamisha wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Na toroli ya shule, na mtaimbo wa huyu, niliuchukua nyumbani kwake bila kumwambia. Ilikuwa Jumapili, treni hazipiti."

"Kwa nini?"

Akakitazama kitambaa chekundu, akakinyoosha juu ya paja.

"Muhula uliopita nilikuwa nawavusha. Watoto arobaini, mikono miwili. Huyu nimemshika, huyu nimemshika. Mjukuu wangu alikuwa nyuma, darasa la pili. Kiatu kikamvuka katikati ya reli. Akainama kukifunga kamba, treni ikamkuta hapo." Akakinyoosha tena kitambaa. "Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Nilimwambia usitembee na kamba zimefunguka, utaanguka."

Sajenti alikuwa ameacha kuandika.

"Mwalimu mkuu aliandika barua saba kuwaomba watu wa reli treni ipunguze mwendo hapa. Zote zikajibiwa sawasawa: suala lenu linashughulikiwa. Nikaenda kwa huyu ndugu yangu. Nikamwambia, wewe si mtu wa reli? Iambie treni ipunguze. Akaniambia, dada, treni haimsikilizi mtu. Inasikiliza kibao."

Nyapara akafunika uso kwa viganja.

"Basi nikatafuta kibao. Nikakikuta kule porini, hakuna nyumba, hakuna mtu. Nikasema, hiki kinamlinda nani huku? Mbuzi? Nyasi zinawekewa kibao, watoto wangu hawana!"

"Hukumuuliza ndugu yako kwa nini kiko kule?"

"Miaka miwili kimesimama pale, rangi inabanduka. Nilidhani wamekisahau. Vitu vyao vingi wamevisahau." Akageuka kwa ndugu yake. "Kumbe chini palikuwa pabovu. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ulikiona kimehama?" Inspekta akamwuliza nyapara.

"Kesho yake asubuhi." Alizungumza ndani ya viganja. "Nikasema nitakirudisha Jumamosi. Halafu nikaona treni inapunguza kule kwa mazoea, na hapa inapunguza kwa kibao. Nikasema, Mungu ametusaidia. Jumamosi ikapita. Ikapita nyingine."

"Na dada yako hukumwambia habari ya mataruma?"

"Ningemwambia, angekirudisha usiku uleule. Namjua." Akainua uso, umelowa. "Afande, nami ni babu. Yule mtoto alikuwa akija kwangu kila jioni kunipokea spana. Niliona watoto wanavuka na treni inakwenda polepole. Nikakosa nguvu."

Darasani watoto walikuwa wakiimba jedwali la saba.

"Waliokufa ni wangapi?" Mama Vuka aliuliza.

"Wanne."

"Kuna mtoto kati yao?"

Inspekta, ambaye katika miaka ishirini ya kazi amewadanganya wezi, wauaji na mke wake mwenyewe kuhusu sigara, alitamani sana kudanganya. Akashindwa.

"Mmoja. Wa kike. Alikuwa na miaka sita."

Mama Vuka hakulia kwa sauti. Alikaa chini kwenye vumbi, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akawa anasema neno moja tu, mama yangu, mama yangu, mama yangu, mpaka Sajenti akaenda akachuchumaa kando yake bila kuulizwa.

* * *

Saa nane Inspekta alimpigia askari wa zamu hospitalini.

"Mfungulie dereva pingu."

"Mkuu wa Polisi amesema—"

"Mkuu nitazungumza naye mimi. Fungua."

Alisikia funguo, kisha ukelele wa mwanamke, kisha sauti ya yule mama aliyeichukua simu: "Baba, mkono wake umevimba, lakini anashika kikombe mwenyewe! Anashika mwenyewe!" Inspekta akajibu kwamba amefurahi, na ilikuwa kweli, ingawa furaha yenyewe ilikuja nusu.

Walichukua maelezo ya ndugu wawili, ukurasa kwa ukurasa, kila mmoja akasaini chini. Inspekta aliongeza karatasi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma kuiandika. Ilihusu mataruma ya miaka miwili na barua saba, na juu yake aliandika jina na cheo cha mhandisi. Tumbo halikumkata.

Saa tisa na nusu gari la reli likafika kwenye kivuko. Mhandisi akashuka na vibarua wawili wenye mitaimbo.

"Tunakichukua kibao," alisema. "Kona imetengenezwa, hakihitajiki tena. Treni inapita saa kumi, itapita kwa mwendo wake."

"Kiacheni hapahapa," alisema Inspekta. "Watoto wanavuka."

"Aa, hilo linahitaji kibali cha makao makuu, Inspekta. Waandike barua."

"Zimeandikwa saba."

"Basi linashughulikiwa."

Kibarua mmoja akachomeka mtaimbo chini ya jiwe la kwanza lenye chokaa. Kengele ya shule ikalia, kipande cha reli kikigongwa kwa nondo. Mama Vuka, aliyekuwa amekaa ndani ya gari la polisi kando ya ndugu yake, akainuka nusu akagonga paa kwa kichwa.

"Afande! Wanatoka! Leo nani atawavusha?"

Inspekta alitazama saa. Akatazama lango, ambako madarasa yote yalikuwa yanamwagika kwa kelele. Akamtazama kibarua.

"Toa mtaimbo wako hapo," alisema. "Sajenti! Andika. Kielelezo namba moja, kibao cha njano, pamoja na mawe manane. Kitahifadhiwa mahali kilipokutwa, wima kama kilivyokutwa, hadi kesi itakapokwisha. Atakayekigusa ameharibu ushahidi, na nitamkamata mwenyewe."

Sajenti aliandika haraka kuliko siku zote.

"Huwezi kufanya hivyo!" mhandisi alifoka. "Ni mali ya reli! Itakaa hapo mpaka lini?"

"Kesi kama hizi zinachukua muda gani, Sajenti?"

"Iliyokwisha mapema kuliko zote ilichukua miaka minne, Afande."

"Unaona?" Inspekta akamwambia mhandisi. "Kwa muda tu. Nami, waulize kituoni, sina haraka."

Kisha akaenda kwenye gari akafungua mlango. Hakuwa amemtia mwanamke yule pingu. Mama Vuka alishuka, akafungua kitambaa chekundu kiunoni, akaenda kusimama katikati ya reli. Mkono mmoja ameunyoosha juu, na sauti, iliyokuwa imekauka kwa kilio, ikatoka vilevile: "Vuka! Vuka! Vuka!" Inspekta alisimama upande wa pili akipokea watoto, akiwahesabu mmoja mmoja kwa kuwagusa vichwa. Mmoja kamba zake zilikuwa zimefunguka. Inspekta akambeba mzimamzima, bila kujali goti lake bovu, akamtua ng'ambo.

Treni ikalia kwenye kona. Wote wakasimama, hata mhandisi. Ikatokea, ikakiona kibao, breki zikalia, ikawapita polepole kiasi cha kuona nyuso za watu madirishani. Mama Vuka aliitazama hadi behewa la mwisho. Akakikunja kitambaa mara nne, akamkabidhi msichana mkubwa wa darasa la saba, akamwonyesha namna ya kukishika. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Sajenti.

Mkuu wa Polisi wa Wilaya alilipata faili kwa kuchelewa. Alilipekua hadi ukurasa wa mwisho akitafuta sababu ya ucheleweshaji, akaikuta kwa mwandiko mzuri wa Sajenti: "Mtuhumiwa alikamatwa saa kumi na dakika ishirini, baada ya watoto kuvuka."